Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bahari ya Zanzibar kuhusu sakafu ya Ghuba ya Chwaka na samaki wanaoitegemea

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Kwa uongozi wa Mkoa wa Kusini Unguja. Na kwa masheha na Kamati za Uvuvi za shehia zote zinazoizunguka Ghuba ya Chwaka.

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa, ninakuandikieni nikiwa mwalimu wa baiolojia na mtoto wa mvuvi wa madema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, wa pwani ya mashariki ya Unguja. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la kila anayekula kutokana na ghuba hii, na kwa sababu naamini mnao uwezo wa kulitengeneza. Kila tunapokaa kujadili uvuvi tunajadili boti, injini, nyavu, masoko na idadi ya wavuvi. Ni nadra kujadili kilichopo chini ya maji: wapi pana majani ya bahari, wapi pana mchanga, wapi pana tope, wapi mwamba u hai na wapi umekufa. Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi: aina ya sakafu ya bahari iwe msingi wa kila uamuzi unaohusu uvuvi, ukulima wa mwani na ujenzi wa pwani, na kazi hiyo ianze na majani ya bahari ya Ghuba ya Chwaka.

Anayeifahamu ghuba hii anajua kwamba haina sakafu ya aina moja. Upande wa kusini kuna msitu wa mikoko na mkondo wa Mapopwe, ambao hujaa na kupwa pamoja na bahari. Ukitoka mikokoni unakuta tope na mchanga vinavyobaki wazi maji yakipwa. Kisha yanafuata majani ya bahari, mengine mafupi na membamba, mengine marefu na mapana, yakiwa yamechanganyika au yametengana kulingana na kina na mkondo wa maji. Na mwisho, kuelekea mlango wa ghuba, kuna miamba ya matumbawe inayolipokea wimbi la bahari kuu kabla halijaingia ndani. Watafiti wameorodhesha aina 11 za majani ya bahari katika ghuba hii peke yake, ilhali dunia nzima ina aina zipatazo 70 tu. Chwaka, Marumbi, Uroa, Michamvi, Charawe na Ukongoroni ni vijiji vilivyokaa kandokando ya utajiri ambao nchi nyingi hazina.

Kila aina ya sakafu ina samaki wake, na wavuvi wetu wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Anayetaka tasi na pono hutega madema majanini, kwa sababu tasi na pono wa majanini hula majani yenyewe pamoja na mimea midogo inayoota juu yake. Anayetaka mkundaji huangalia pale mchanga unapokutana na majani, kwani samaki huyo hupekua mchanga kwa ndevu zake akitafuta minyoo na kamba wadogo. Chewa hukaa pangoni mwambani akivizia, na kangaja hupita kwa makundi akikwangua mimea juu ya mawe. Taa na gayogayo hujifukia katika mchanga ambao mgeni akiutazama atadhani hauna kitu. Pweza hutaka tundu la kuingia, na kamba wachanga hutaka tope la mikokoni. Mvuvi akikosea mahali pa kutegea kwa umbali mdogo tu, dema lake hupanda na samaki wengine kabisa, au hupanda tupu.

Wataalamu wa bahari wamelieleza kwa vipimo jambo hili ambalo wazee wetu walilijua kwa mazoea, na maelezo yao yanastahili kuzingatiwa katika sera. Kwanza ni maficho. Samaki wa urefu wa kidole huwindwa na karibu kila kinachomzidi ukubwa, na kunusurika kwake kunategemea kama ana pa kujibanza. Majani marefu yaliyosongamana humficha. Mwamba wenye matundu ya ukubwa mbalimbali humficha. Mchanga mtupu haumfichi. Ndiyo maana mahali penye majani ya urefu na aina tofauti huwa na samaki wengi zaidi, na wa aina nyingi zaidi, kuliko uwanja wazi wa jirani, hata kama maji ni yale yale, joto ni lile lile na chumvi ni ile ile.

Chakula nacho kina sehemu yake, na hapa ndipo majani ya bahari yanaponistaajabisha mimi binafsi kila ninapoyafundisha. Si mwani, ingawa mara nyingi tunayaita kwa jina hilo. Ni mimea kamili yenye mizizi, inayotoa maua na mbegu ndani ya maji ya chumvi. Juu ya jani moja huota mimea midogo mno, na katikati ya mimea hiyo huishi konokono, kamba na kaa wadogo ambao ndio riziki ya changu wachanga. Mizizi hushika mchanga. Majani hupunguza kasi ya maji, vumbi linaloelea hutua chini, na maji yakawa maangavu kiasi cha kuruhusu mwanga wa jua ufike kwenye majani mengine zaidi. Kwa namna hiyo mimea hii hujitengenezea yenyewe hali ya kuendelea kuishi. Ikiondolewa, mchanga huanza kuhama, maji huchafuka, na hata iliyobaki pembeni hukosa mwanga na kudhoofika. Zaidi ya hayo, si aina zote hujirudi upesi. Ile yenye mashina magumu, ambayo wataalamu huiita Thalassodendron ciliatum, hukua polepole, na pengo lililong'olewa ndani yake laweza kukaa miaka bila kufunikwa. Mvuvi anayelipita pengo hilo kila siku hulizoea, akadhani ndivyo bahari ilivyoumbwa mahali hapo.

Waheshimiwa, jambo ambalo nadhani halijapewa uzito katika mipango yetu ni kwamba samaki mmoja huhitaji sakafu kadhaa katika maisha yake. Maji yakijaa, samaki wachanga huingia mikokoni kula na kujificha kati ya mizizi. Yakipwa, hulazimika kutoka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mikoko hubaki kavu, nao hurudi kwenye mikondo na kwenye majani yaliyo karibu. Wakishakua kiasi huanza kusogea kwenye kina zaidi, hadi kufika mwambani ambako huonekana wakiwa watu wazima wa bahari. Wengine hawaishii hapo: zipo aina za changu ambazo hupumzika karibu na mwamba mchana na kutoka usiku kwenda kula kwenye majani na mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtafiti Blandina Lugendo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walivua na kulinganisha samaki wa mikokoni, wa mikondoni, wa kwenye tope na wa majanini katika Ghuba hii hii ya Chwaka, wakaonyesha jinsi samaki wachanga wa aina zinazouzwa sokoni wanavyoyatumia maji haya ya kina kifupi. Mwaka 2013 utafiti ulioongozwa na Ismael Kimirei ulichunguza vijiwe vilivyomo sikioni mwa samaki wa pwani ya Tanzania, ambavyo kemikali zake huhifadhi kumbukumbu ya mahali samaki alikoishi alipokuwa mdogo. Ilionekana kwamba samaki wakubwa wa aina kadhaa waliovuliwa mwambani walikulia ndani, kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuo.

Maana yake kwa msimamizi wa uvuvi ni nzito. Changu anayeuzwa mnadani baada ya kuvuliwa kwa mshipi nje ya mwamba anaweza kuwa alilelewa kwenye majani ambayo mtu mwingine, kwa chombo kingine, aliyaburuza asubuhi ile ile. Wavuvi wawili wasiojuana wanakula kutoka sahani moja. Kanuni zikimwangalia kila mmoja peke yake, kila mmoja ataonekana hana kosa, na samaki wataendelea kupungua bila mtu wa kuulizwa.

Nikitazama historia ya hifadhi zetu, naona heshima kubwa waliyopewa matumbawe, na heshima hiyo ni haki yao. Mwamba wa Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu miaka ya 1990, na Ghuba ya Menai ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kwa upande wa mikoko, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Hizi ni hatua za kujivunia. Lakini kati ya mikoko na matumbawe kuna uwanda mpana wa majani ambao hauna mtalii wa kuupiga picha wala mfadhili wa kuupigia debe, na uwanda huo ndio daraja ambalo samaki hupita kutoka utotoni hadi ukubwani. Mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda kupita kiasi, matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na miaka iliyofuata ilitufundisha kwamba mwamba uliokufa hubomoka taratibu, matundu yake yakapotea, na samaki waliokuwa wakiyategemea wakapotea nayo. Mwamba kama huo unapojaribu kujirudi huhitaji samaki wanaokula mimea ili mimea isiwazibe matumbawe wachanga, na baadhi ya samaki hao huanza maisha yao majanini. Kwa hiyo hata anayejali matumbawe peke yake analazimika kuyajali majani.

Naomba sasa niseme juu ya juya la kukokota, yaani wavu mrefu unaoburuzwa juu ya sakafu, nikijua kwamba ni suala lenye maumivu. Mvutano kati ya wavuvi wa madema na wavuvi wa juya katika ghuba hii ni wa muda mrefu, na umewahi kuvitenganisha vijiji ambavyo watu wake wameoana na kuzikana. Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010 ipo, na njia haribifu zimekatazwa. Juya linalovutwa juu ya majani hufanya madhara mawili kwa mkupuo mmoja: huzoa samaki wachanga ambao wangeuzwa kwa bei ya maana baada ya miezi michache, na huyakata na kuyang'oa majani ambayo wachanga wengine wangekuja kuishi humo. Dema lililotegwa vizuri na kuinuliwa bila kuburuzwa huiacha sakafu katika hali iliyokuwa nayo. Hata hivyo simwoni mvuvi wa juya kuwa adui. Wengi wao ni vijana wasio na chombo chao wenyewe, wanaoajiriwa kwa mgawo wa siku, na juya ndilo linalochukua watu wengi bila kuwauliza kama wana mtaji. Doria inayochoma nyavu bila kutoa njia nyingine huwahamisha tu kutoka diko moja, yaani mahali pa kushushia samaki, hadi jingine. Ninachoomba ni kwamba fedha za mikopo ya uvuvi zielekezwe kwa makusudi kwa watu hawa, wabadilishe zana, na sharti la mkopo liwe kuacha kuvuta juu ya majani. Na kwa wenye madema pia kuna la kufanya: nchini Kenya yamejaribiwa madema yenye upenyo mwembamba wa kumruhusu samaki mchanga kutoka, na samaki wadogo wanaonaswa wakapungua. Jambo hili ni rahisi, halihitaji kiwanda, na mafundi wetu wanaweza kulifanya kwa vifaa walivyonavyo.

Kuna athari nyingine isiyoonekana kwa haraka. Kikande ni samaki ambaye watu wengi hawamthamini, lakini ndiye anayewavunja na kuwala wale wanyama wa duara wenye miiba wanaowachoma miguu waokotaji wa chaza. Tangu miaka ya 1980 mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamefuatilia miamba ya Kenya na kuonyesha kwamba palipovuliwa sana hadi kikande na wenzake wakapungua, wanyama hao wa miiba huongezeka mno, wakautafuna mwamba na kuyala majani ya bahari hadi kuacha uwanja mtupu. Ndani ya hifadhi zisizovuliwa huwa wachache. Tuelewe basi kwamba uhusiano huu unakwenda pande zote mbili. Sakafu huwatengeneza samaki, na samaki nao huitengeneza sakafu. Ukiondoa samaki mmoja asiye na bei, unaweza kuwapoteza tasi na pono wenye bei, bila mtu kugusa jani hata moja kwa mkono wake.

Kuhusu ukulima wa mwani, nazungumza kwa heshima yote kwa mama zetu na dada zetu. Tangu kilimo hiki kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, kimewapa wanawake wa mashariki ya Unguja fedha zilizo mikononi mwao wenyewe. Kimesomesha watoto, kimejenga nyumba, na kimewapa kauli katika kaya ambazo zamani kauli ilikuwa ya mwanamume peke yake. Lakini mashamba mengi yako kwenye maji ya kina kifupi, ambako mara nyingi ndiko kwenye majani ya bahari. Pegi hupigwa ndani yake, kamba hufungwa juu yake, mkulima huyakanyaga kila bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na wakati mwingine huyang'oa kwa kuamini kwamba yanaunyima mwani nafasi. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Chwaka miaka ya 2000 walikuta chini ya mashamba hayo majani machache zaidi na viumbe wakubwa wa chini ya maji wachache zaidi kuliko kwenye majani yasiyolimwa. Mkulima hana lawama, kwa sababu hakuna aliyemwelekeza pa kulima.

Bahati ni kwamba maslahi ya mkulima na maslahi ya majani yanaweza kukutana. Mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko aina nyingine inayolimwa, spinosum, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto na maradhi, na majaribio ya kuulima kwenye kina kirefu zaidi kwa nyavu zenye umbo la bomba yamefanyika hapa hapa Zanzibar, mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya akiwa miongoni mwa walioyaongoza. Kinachowakwamisha wanawake ni chombo, mafunzo ya kuogelea na usalama wao baharini. Basi pale Serikali inapogawa boti kwa wakulima wa mwani, naomba mgao huo uambatane na mpango wa kuyahamisha mashamba kutoka juu ya majani mazito kwenda kwenye mchanga au kwenye kina, kijiji kwa kijiji, kwa ridhaa ya wanawake wenyewe na bila kumnyang'anya yeyote shamba lake kabla hajapata jingine. Na ieleweke kwamba hata mchanga si mahali pasipo na mwenyewe, hivyo ramani itangulie mgao.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye boti za wavuvi. Nafurahi kuona vijana wetu wakipewa vyombo vya kisasa vya kufika mbali, kwa sababu jodari na nguru wa bahari kuu hawategemei majani yetu kwa kiwango kile wanachotegemea tasi na changu, na mvuvi akihamia huko huipunguzia ghuba mzigo. Lakini boti iliyotolewa kwa ajili ya bahari kuu, ikiwa haina mafuta ya kutosha wala mtu aliyefunzwa kuvua huko, huishia kuvua ndani ya ghuba, ikiongeza nguvu juu ya uwanda ule ule uliochoka. Takwimu za uvuvi hazitatuonyesha hilo kwa namna zinavyokusanywa sasa. Anayeandika samaki dikoni huandika aina, uzito, bei na zana. Ningependa aongeze safu moja tu: samaki wamevuliwa juu ya nini, majani, mchanga, tope au mwamba. Mvuvi anajua jibu na bwana diko anaweza kulithibitisha. Baada ya miaka michache tungekuwa na kumbukumbu inayosema ni sakafu ipi inayolisha kijiji kipi, na mtu akija na pendekezo la kujenga au kuchimba mahali fulani, tungeweza kumwambia kwa tarakimu zetu wenyewe ni riziki ya nani iliyolala pale.

Ujenzi hauwezi kuachwa nje ya barua hii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya kwenye maeneo yao ya uvuvi. Fidia ni haki, lakini haioti majani wala hairudishi mazalia ya samaki. Sisi tuna mipango ya bandari ya Mangapwani, tuna mahoteli yanayoomba magati na ufuo usio na majani kwa ajili ya waogeleaji, na tuna fursa ya kuuliza kabla. Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ihakikishe kwamba kila tathmini ya athari kwa mradi unaogusa bahari inaonyesha wazi ramani ya sakafu, aina za majani zilizopo, samaki wachanga wanaopatikana humo katika misimu ya kusi na kaskazi, na mahali vumbi la uchimbaji litakapopelekwa na mkondo. Muhtasari wa Kiswahili ubandikwe kwenye ofisi ya sheha kabla kibali hakijatolewa. Mwekezaji mwema hataona tabu. Naye atalindwa asije akagombana na kijiji baada ya kuwekeza fedha zake.

Ramani yenyewe isiwe kazi ya chombo cha angani peke yake. Picha za setilaiti husaidia sana katika maji yetu maangavu, lakini haziwezi kutofautisha kwa uhakika majani ya bahari na mwani, wala hazijui ni pengo lipi lilikuwepo tangu zamani na lipi limetokea baada ya juya kuanza. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko hapa hapa Unguja na ina watu wenye ujuzi. Waoanishe vipimo vyao na maarifa ya wavuvi wa madema, ambao wameigawa ghuba nzima kwa majina, kila jina likiwa na sakafu yake. Na zaidi ya wote wawasikilize wanawake wanaokwenda pwani maji yakipwa kuokota chaza na kuchokoa pweza, kwa sababu wao huitembelea sakafu kwa miguu, huiona bila maji juu yake, na ndio wa kwanza kujua mahali majani yalipokonda. Katika vikao vingi vya uvuvi nilivyohudhuria, wanawake hawa hukaa nyuma na huondoka bila kuulizwa. Hilo ni pungufu la elimu tunalojiletea wenyewe.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 1 Machi kuwa Siku ya Majani ya Bahari Duniani, kwa azimio la mwaka 2022. Ingefaa siku hiyo iadhimishwe kwenye ghuba hii kwa kutangaza maeneo ya majani mazito yatakayopumzishwa, yaliyochaguliwa na vijiji vyenyewe na kuunganishwa na mikoko kwa upande mmoja na mwamba kwa upande wa pili, ili njia ya samaki isikatike katikati. Vijiji vya kusini mwa Unguja na vya Pemba vimekwishaonyesha kwa pweza kwamba wananchi wanaweza kufunga eneo kwa muda na kulilinda wenyewe wanapokuwa wameshirikishwa tangu mwanzo. Kufunga majani ni kugumu zaidi, kwa kuwa faida yake hujitokeza mbali na eneo lenyewe na baada ya muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu mkono wa Serikali unahitajika: vijiji vinavyojinyima ndani ya ghuba vipate sehemu ya haki ya kile kinachovunwa nje yake.

Kwa kuanzia, nakuombeni mje Chwaka au Marumbi mtusikilize kabla bajeti ijayo haijapangwa. Nakuombeni mkutano huo uwekwe katika siku za maji mafu, ambapo bahari hupwa kidogo tu. Siku za bamvua wakulima wa mwani wako mashambani na wachokoaji wa pweza wako mwambani, na kikao chochote kitakachofanyika wakati huo kitakuwa kimewakosa watu wanaoijua sakafu ya ghuba hii kuliko sisi sote.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mwalimu wa baiolojia, mtoto wa mvuvi wa madema
Mkoa wa Kusini Unguja